Walisema Zawadi Ana Mawazo

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha eksirei, Mkuu wa Picha alinikabidhi ndoo na kopo la bariamu. Huo ni unga mweupe unaokorogwa na maji. Mgonjwa akiunywa, njia ya chakula huonekana kwenye picha.

"Koroga kama uji wa wadogo zako," alinitania. Alijua niliacha shule kuwalea baada ya wazazi kufariki.

Wadogo walikua. Kitindamimba, Zawadi, akawa fundi cherehani Kansanga, mtaa wa hapa Kampala. Hapo ndipo chakula kilipoanza kumkwama kifuani. Sisi ni wahamiaji kutoka Kongo, na Wakongomani wenzetu wa mtaa wa Kawempe walisema ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na bibi mmoja akakikata kwa wembe. Koo, wakati mwenyewe anaonyesha kifua!

Nikampeleka kwa Daktari wa Zamu. Alimpitishia mpira wenye kamera, hakuona kidonda, akamwandikia vidonge vya usingizi.

"Ni mawazo. Nyinyi yatima mna mengi."

"Mawazo yanarudisha maji, daktari?"

"Mama, wewe koroga bariamu yako."

Zawadi alikonda hadi nguo alizojishonea zikamvuka. Daktari Bingwa aliporudi kutoka likizo, nilimzuia mlangoni. Yeye hakuuliza habari za wazazi wetu marehemu. Aliagiza posho, ugali wa Uganda, kutoka kantini.

"Kula nikuone."

Zawadi alimeza tonge, akasimama, akanyoosha shingo, akalisukuma kwa maji. Vyote vikarudi.

"Unasimama hivyo kila mlo?"

"Kila mlo. Majirani nawaambia nacheza."

"Maji yalianza lini kukwama?"

"Pamoja na chakula, daktari. Tangu mwanzo."

"Uvimbe ungezuia vigumu kwanza, maji baadaye. Hapa njia yenyewe ndiyo haisukumi. Mpeni bariamu."

Nilikoroga, nikampa kikombe, akanywa. Pichani umio, mrija wa chakula, ulikuwa umetanuka kama mfuko, na mwisho wake umechongoka kama mdomo wa ndege. Ugonjwa huo huitwa akalasia: msuli wa mlango wa tumbo hukataa kulegea. Walimpasua, wakaukata ule msuli, akala.

Sasa nimestaafu, na watu huniambia, "Mama, msamehe yule Daktari wa Zamu, si alipona?" Alipona. Lakini tulikuwa tumeanza kuulizana tutamzika wapi, na kumbe kilichohitajika ni sahani ya posho na mtu wa kumtazama akila.