Muchanga wa Kumwagia Sufuria

Siku ya kwanza pale fonderi ya kompani ya reli, hawakunionyesha moto. Na mimi nilikuja kwa ajili ya moto. Sisi watoto wa Kalemie tulikuwa tunauchungulia kwenye dirisha za atelie, tunasema kule ndani watu wanamwaga chuma kama uji. Shefu wa Atelie, mutu mufupi mwenye miwani iliyofungwa na waya, akanipeleka mpaka kwenye fungu la muchanga mweusi, akasema, "Kamata."

Nikakamata.

"Kamua. Sasa fungua mukono."

Ule muchanga ulisimama mu kiganja changu kama mukate, na alama za vidole juu yake. Shefu akauvunja. Ukakatika pande mbili safi, bila kumwagika.

"Ukiona hivyo, leta moto. Usipoona hivyo, rudi kwenu ukalale."

Kazi ya fonderi njo hii, vijana. Unachukua muti uliochongwa mufano wa kitu unachotaka, unauzika mu muchanga ndani ya sanduku mbili zinazolaliana. Unashindilia. Unafungua, unatoa ule muti pole pole, unafunika tena. Shimo linalobaki njo kalibu. Unamwaga chuma kilichoyeyuka, kinashika sura ya shimo. Sisi tulimwaga sabo za freni, kile kipande kinachobana gurudumu la treni lisimame. Sabo asubuhi, sabo mangaribi. Ilikuwa wakati wa Zaire, tunaitana Sitwayen, yaani mwananchi, na tai ya shingo ilikatazwa. Mimi tai sikuwa nayo toka zamani, kwa hiyo kwangu mambo hayakubadilika sana. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu kwa mapadri, kwa sababu ya mbuzi wa padri mumoja, lakini hayo tuyaache.

Siku moja bibi ya Shefu, mke wake, alivunjikiwa sufuria yake, sikio likatoka. Shefu akaleta vipande vya pistoni vilivyotupwa, vile vyepesi vya aluminiumu, akasema, "Sitwayen Anzuruni, utaweza?" Nikaweza. Yule mama akaja yeye mwenyewe kuichukua. Akaigonga na kidole, akatega sikio, akacheka. "Inaongea!"

Nikabaki nafikiri. Toka nianze kazi, hakuna mutu aliyegonga sabo ya freni akacheka. Sabo zilikuwa zinapanda mu wago za treni, zinaenda Kabalo, zinaenda Kongolo, basi. Nani alizifunga, zilibana namna gani, sikujua. Hapo njo ugonjwa wa sufuria ulinishika. Nikaenda biro kumwambia Shefu kwamba naacha.

"Unaacha nyumba ya kompani, unaacha lopitali ya kompani, unaacha unga wa kila mwezi, kwa ajili ya sufuria?"

"Ndiyo, Shefu."

"Mama Feza anajua?"

"Bado."

"Basi bado hujaacha kazi. Rudi nyumbani uache kwanza."

Mama Feza, bibi yangu, alisikiliza yote huku anachagua mawe mu mchele. Mwishowe akasema, "Tutahamia kwa kaka yangu, ng'ambo ya muto Lukuga. Lakini mimi kuomba nyumba ya kompani mara ya pili, hapana. Siku utarudi kwa Shefu, utarudi peke yako."

Tukahama. Nikajenga tanuru ndogo ya udongo, na muvukuto wa ngozi wa kupulizia moto wa makala. Nikatangaza sokoni: leteni sufuria zilizokufa, zilizotoboka, nitaziyeyusha nizaliwe mupya. Ee, nilisema vibaya, "nizaliwe", wamama wakanicheka sana, lakini wakaleta. Wa kwanza alikuwa Mama Sangwa, aliyekuwa anapikia watu wa bandarini bugali na samaki. Sufuria yake kubwa ilikuwa na tundu moja tu, analiziba na unga uliokandwa, anapika hivyo hivyo. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Akaniachia. Kwa kazi, akaazima ya wamama wa kwaya ya parokia, akaahidi kuirudisha mbele ya Noeli.

Nikaziyeyusha zote. Hapo sikuwa na woga hata kidogo. Kisha nikaenda ufukweni kuchukua muchanga. Muchanga wa ziwa letu ni muzuri, mweupe, umeoshwa na mawimbi. Nikashindilia, nikatoa mufano, kalibu yote ikaanguka kama unga. Nikaongeza maji. Ikasimama. Nikamwaga. Mungu wangu! Aluminiumu ikachemka, ikaruka, ikatoboa shati yangu, na sufuria ikatoka na matundu kama chujio. Maji yaliyozidi mu kalibu yanageuka mvuke, na mvuke unatafuta njia kwa nguvu. Nikayeyusha tena. Ikatoka chujio tena.

Sasa njo nilielewa. Kule kompani muchanga ulikuwa unafika mu magunia, umekwisha kuwa muzuri. Mimi nilijua kuukamua. Kuuzaa sikujua. Nikavumilia haya, nikaenda kwa Shefu.

"Shefu, ule muchanga wetu unatoka wapi?"

"Depo."

"Na depo inautoa wapi?"

"Mu wago."

"Na wago?"

Shefu akavua miwani. "Anzuruni, nimefanya kazi hapa mpaka mvi, na swali hilo sijaliuliza. Sasa umenikosesha usingizi. Rudi kazini, utumie magunia."

Nikamwambia nitafikiri. Lakini nilikumbuka neno la Mama Feza, na sufuria za wamama zilikuwa zimelala kwangu, donge moja la aluminiumu. Nikaanza kuzunguka. Kando ya Lukuga, nyuma ya soko, mu mashamba ya mihogo, kila mahali nachimba kidogo, nakamua, nafungua mukono, natazama, natupa. Udongo mwingi kupita kiasi, unapasuka. Muchanga mwingi, unamwagika. Nilianza kupenda ile kazi, nasema kweli. Sikujua kama mji mumoja uko na ardhi za namna nyingi hivyo.

Watu hawakuona hivyo. Waliona mutu aliyeacha kompani anakamua udongo na kuutazama. Wakasema, "Amepata habari ya zahabu." Jirani yangu, Papa Kisimba, mwenye kinga moja, baiskeli ya kubebea makala, akaanza kunifuata kwa mbali na chepe. Pale nilipochimba kidogo, yeye anachimba mpaka kiunoni.

Siku chache mbele ya Noeli wamama wakaja uani, Mama Sangwa mbele.

"Papa Anzuruni, kwaya wanataka sufuria yao. Yangu iko wapi?"

Nikaonyesha donge.

"Hii? Hii napikia nini? Nikalie?"

"Mama, kunakosa muchanga tu."

"Muchanga! Tuko na ziwa nzima, mutu anakosa muchanga!"

Wakacheka, lakini cheko ile ilikuwa na meno. Katikati ya makelele, Papa Kisimba akaingia, matope mpaka masikio. "Anzuruni, muongo! Nimechimba pale kingo ya Lukuga mpaka mugongo umekatika. Hakuna zahabu! Chukua udongo yako!" Akarusha bonge, likanipiga kifuani, likaanguka.

Halikupasuka.

Nikaliokota. Lilikuwa na alama za vidole vyake, kila mustari wazi. Nikalivunja. Pande mbili, safi.

"Papa Kisimba, umechimba chini namna gani?"

"Unanicheka?"

"Nipeleke."

Chini ya ule udongo mwekundu niliokuwa nakamua mimi kulikuwa tabaka la kahawia, muchanga na udongo vimeoana vyenyewe. Tulibeba na kinga yake. Nikamwaga, na wamama wanatazama. Ikatulia kama maziwa mu kikombe. Mama Sangwa akagonga sufuria yake mupya, akauliza neno ambalo sikulitegemea:

"Ndani ya hii kuko ile ya mama yangu?"

"Kidogo. Na za wengine kidogo."

"Hata ya Mama Zaina, asiyejua kupika?"

"Hata yake."

"Basi bugali ukiungua, tutajua ni nani."

Kwaya walipata yao siku ile ile. Mama Feza alipanga masanduku yangu ya kalibu ukutani, kama ya mutu anayekaa.

Nilifanya kazi ile mpaka macho yakakataa mwanga wa tanuru. Sasa nimepumzika. Nikienda kwenye matanga, nasimama kwanza nyuma, pale wamama wanapikia. Wananifukuza: "Papa Anzuruni, maiti iko ndani ya nyumba!" Najua iko ndani, nitaenda kulia. Lakini sufuria niliyomwaga mimi inatoboka wapi kwanza, pembeni ao katikati, na kwa mama anayekoroga na mukono wa kushoto je? Hapo nainama, nageuza moja iliyokwisha kupoa, natazama chini yake.