Sahani Tatu za Mama Keji

Niliondoka Arua kwa sababu ya sahani. Mimi ni fundi cherehani wa Oli, mtaa wa huko Arua, na tangu utotoni siwezi kula chakula kilichoguswa na mikono ya wengine. Kwetu ndugu hula sahani moja. Anayejitenga huonekana anawashuku wenzake kwamba watamtilia sumu. Miaka kadhaa iliyopita nilichoshwa na kelele za msiba nikajifungia ndani. Shangazi akanipeleka kwa daktari na kumweleza habari ya sahani. Daktari alimsikiliza yeye, akaniandikia vidonge vya mtu anayedhani anawindwa. Vidonge vilinitetemesha mikono hadi nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na wateja wakahamia kwa jirani. Nilisoma kila nilichopata kuhusu ugonjwa huo wa vidonge, nikaona haufanani nami.

Asubuhi, Arua. Dada yangu mdogo Candiru, aliyeolewa Koboko, alisikia kwamba huko kuna daktari anayeuliza maswali mengi, akaja kunichukua. Tulipanda lori la vitunguu la mfanyabiashara Mkongo.

"Munaenda wapi?" akauliza.

"Koboko, kwa daktari ya kichwa," akajibu Candiru.

Mkongo akacheka. "Watu ya Koboko ndiyo wanakuja Arua kwa daktari! Mutu anaenda kinyume hivi, kweli iko mugonjwa!"

Adhuhuri, Koboko. Tulifikia kwa Mama Keji, mama mkwe wa Candiru. Alikuwa ameambiwa habari yangu, akaniletea ugali wa muhogo na kunde katika sahani yangu peke yangu. Nikashukuru. Kisha, ili kunitoa hofu, akamega tonge katika sahani ileile, akala mbele yangu.

"Unaona? Sumu hakuna. Kula, mwanangu."

Sasa sikuweza. Akaleta sahani ya pili, akaionja. Ya tatu, vilevile.

"Mama, acha kuonja!" Candiru alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Nisipoonja atakula namna gani? Huyu ugonjwa yake iko kubwa!"

Nikaenda kwa daktari na njaa.

Alasiri, zahanati. Daktari, mama wa makamo, alimwomba Candiru anyamaze kwanza.

"Ukipakuliwa peke yako kutoka sufuria ileile, unakula?"

"Nakula, na kuongeza."

"Anayeogopa sumu angeiogopa sufuria."

Akauliza kuhusu utoto wangu, kelele, nguo zinazoniwasha, na kwa nini nalitazama sikio lake badala ya macho. Kisha akamhoji Candiru. Tulirudi mara kadhaa kabla hajatamka neno: usonji, yaani namna tofauti ya ubongo kuhisi na kuelewa mambo. Si wazimu, nimezaliwa nao. Vidonge angevipunguza kidogo kidogo, nisithubutu kuvitupa mwenyewe.

Nyumbani, Arua. Shangazi alisikiliza yote.

"Dawa ya hiyo usonji iko wapi?"

"Hakuna, Shangazi."

"Hakuna! Si afadhali ungebaki na ile ugonjwa ya kwanza, yenye dawa?"

Leo mikono imetulia na baadhi ya wateja wamerudi. Nilichojifunza ni kidogo: mtu aulizwe mwenyewe kwa nini anafanya jambo, kabla ya kuulizwa shangazi yake.

Jioni moja hivi karibuni Shangazi alinipakulia peke yangu. Kisha, bila kunitazama, akajipakulia na yeye peke yake.

"Mimi pia sipendi mikono ya watu," alisema. "Tangu usichana."

"Na bado ulinipeleka hospitali?"

"Wewe ulikataa mbele ya watu. Mimi nilikuwa nakula tu, nanyamaza."