Sababu ya Dagaa Kuoza

Karani wa kijiji chetu cha ujamaa, hapa jirani na Katonga, hashiki penseli kabla hajaifuta meza kwa kiganja mara tatu, ingawa meza yenyewe ni boksi la sabuni. Fomu yake ya hasara ina mstari mmoja tu wa sababu, na sababu mbili hapokei. Mwezi uliopita alikuja Yuliana, kiongozi wa akina mama waanika dagaa, kuomba turubai.

"Mvua imewaozesha dagaa wetu, ndugu karani."

"Wavuvi wasingewavua, wangeoza?" akauliza kwa sauti yake ile ya kubembeleza mgonjwa.

"Wangekuwa ziwani wanaogelea."

"Basi si mvua." Akalifuta neno "mvua" alilokwisha kuliandika kwenye fomu. "Wavuvi waliagizwa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe usingezaliwa?"

Karani akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri: *kuzaliwa kwa Yuliana*. Mama wa watu hajui kusoma, akaweka dole gumba.

Jana jibu lilitoka juu, na karani akatusomea mkutanoni, akiishika barua kwa mikono miwili kwa heshima. Turubai halikutajwa. Kijiji kimeagizwa kuhakikisha kwamba sababu hiyo haitokei tena. Mkutano mzima ukamgeukia Yuliana.