Saa Mbili na Robo za Baba Mdogo

Baba mdogo Jairo alikuwa utingo wa malori kwa miaka ishirini na miwili, akarudi kijijini kwetu Mpemba na ujuzi mmoja tu: kujua safari ni ya saa ngapi. Tunduma hadi Vwawa, anakwambia. Ndalambo kiangazi, Ndalambo masika barabara ikiwa tope, anakwambia, tena bila kuulizwa. Alikuwa hakosei, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yetu.

Mama yangu, Tusekile, alifariki Jumanne asubuhi. Kwetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na kifungua mimba, na kifungua mimba ni kaka yangu Emanueli, anayesindika samaki katika kisiwa cha mbali ambacho pale msibani hakuna aliyeweza kulitamka jina lake. Alipiga simu akilia.

"Nisubirini. Napanda ndege hadi kisiwa kikubwa, halafu Dar."

Mtandao ukakata.

Baba mdogo akachukua simu yangu, akatafuta umbali kati ya viwanja vya ndege vya visiwa vile viwili.

"Kilomita elfu moja na mia sita. Saa mbili na robo! Hata Ndalambo masika ni zaidi."

Akajumlisha Dar, akajumlisha uwanja wa Songwe na gari la kumleta nyumbani, akatangaza mazishi Alhamisi saa nane.

"Baba mdogo, na kama siku hiyo ndege haipo?" niliuliza.

"Wewe Nesta, ndege ni gari. Ikijaa inaondoka."

Wazee wakacheka, wakakubali.

Alhamisi Emanueli hakutokea, na simu yake haikupatikana. Tulisubiri hadi saa kumi. Baba mdogo akasimama mbele ya jeneza, mchungaji na waombolezaji wote wakimsikia, akasema, "Hesabu nimepiga mwenyewe. Asiyefika hakutaka kufika." Mdogo wetu Lusubilo akatupa udongo badala yake. Mimi nilishikwa na hasira. Kabla hatujaondoka makaburini nilimwandikia Emanueli: Mama tumeshamzika. Usijisumbue kuja. Huna mama, huna ndugu.

Jibu lilikuja Jumamosi. Tangu Jumanne alikuwa akilala kwenye benchi pale uwanjani, na mtandao wa kisiwa kizima ulikuwa umekatika. Ndege ya kwenda kisiwa kikubwa hupita mara moja tu kwa wiki, Jumamosi. Mtandao uliporudi alikuwa kwenye foleni ya kupanda. Akasoma ujumbe wangu, akatoka kwenye foleni, akarudi kiwandani.

Nilimpelekea baba mdogo simu, nikamsimamia asome. Alisoma mara mbili, akakuna kidevu.

"Lakini saa mbili na robo ni kweli," akasema.

Sijamwamkia tangu siku hiyo, na Mpemba nzima inajua sababu. Shangazi Marita amekuja mara mbili kutupatanisha, nikamfukuza. Ila Emanueli naye hapokei simu zangu, huu ni mwaka sasa, na ule ujumbe hakuuandika Jairo.