Harusi ya Binti Kanga Huko Izigo

Bartholomayo Buberwa, Mlutheri wa Ijuganyondo, aliajiriwa kuwa mkalimani wa gari la sinema mwaka 1952. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akieleza kwa Kihaya yale yaliyosemwa kwa Kiingereza, bila kuongeza wala kupunguza. Sharti hilo lilikuwamo katika barua yake ya ajira. Alilivunja mwaka uleule.

Ilikuwa sinema ya michoro yenye nyimbo tano. Kanga alifukuzwa shambani, akahifadhiwa na Korongo hadi aliporudi kwao kwa heshima. Huko Kagoma watazamaji waliuliza swali ambalo mgeni yeyote huulizwa Buhaya: huyu ni wa ukoo gani? Karatasi ya maelezo haikusema. Bartholomayo akajibu kwamba Kanga ni wa Abayango, na kwa kuwa Korongo alimpokea bila kudai chochote, bila shaka naye ni wa ukoo huohuo. Watu waliridhika. Kwa miaka mitatu alirudia maelezo hayo Muleba nzima, na nyimbo zile zikaimbwa hata wakati wa kuchuma kahawa.

Mwaka 1955 ikaletwa sinema ya pili, mwendelezo wa ile ya kwanza. Ilikuwa na nyimbo kumi na moja, rangi zake zilikolea zaidi, na ndege walitembea bila picha kurukaruka. Kwa maoni ya Karugendo, fundi wa mashine, iliishinda ya kwanza kwa kila kipimo. Katika wimbo wa nane, binti wa Kanga aliolewa na mwana wa Korongo.

Huko Izigo hakuna aliyeuliza kanga anaolewaje na korongo. Aliyesimama ni Kokubanza, mjane mwenye shamba la migomba jirani na uwanja.

“Waitu Bartholomayo,” alisema kwa heshima ya Kihaya, “hawa si wa ukoo mmoja? Wanaoanaje?”

“Ni picha tu, mawe,” alijibu, yaani mama kwa Kihaya.

“Wewe ndiye uliyetuambia ni Abayango. Au siku ile ulikuwa umekunywa?”

“Sinywi kazini.”

“Basi zuia harusi.”

“Siwezi. Ilikwisha fungwa Ulaya.”

“Na huko Ulaya hapakuwa na shangazi wa kuuliza?”

Watu walicheka, kisha wakaondoka. Wimbo wa tisa ulisikilizwa na Karugendo, Bartholomayo na mbuzi mmoja.

Afisa wa sinema mjini Bukoba alitaka taarifa: ipi ni bora kati ya sinema hizo mbili, na kwa nini watu wa Izigo waliondoka.

“Andika ya pili ni mbovu,” Karugendo alimshauri. “Nani atakwenda Izigo kuuliza? Ukisema uliongeza maneno, utarudi kulima.”

Bartholomayo alikaa na karatasi siku mbili. Hatimaye aliandika: “Ya pili ni bora kwa rangi na kwa muziki. Ya kwanza ni bora kwa kuwa haina ndoa. Kosa la ukoo ni langu.”

Jibu lilifika baada ya wiki saba. Sinema ya pili irudishwe stoo. Ya kwanza iendelee kuonyeshwa. Mkalimani abaki kazini, ila kuanzia sasa ukoo wa kila mnyama upelekwe ofisini kuidhinishwa siku kumi na nne kabla ya onyesho.

Hadi mwaka 1961 Bartholomayo aliomba idhini mara thelathini na moja. Alinyimwa mara moja tu, kuhusu punda, bila kupewa sababu.