Udongo Uliochambuliwa

Ukimuuliza Mama Chekeche anafanya kazi gani, atakwambia anachekecha udongo, basi, na ukicheka shauri yako. Miaka ishirini na miwili yumo katika chumba kile kile cha chini cha maabara, chenye dirisha moja na meza ya zege. Anapokea mifuko, anaanika udongo kwenye sinia, anauponda taratibu kwa mchi wa mti, kisha anaupitisha kwenye chekeche lake. Unaopita unapandishwa ghorofani kwa wenye mashine. Mawe na kokoto zinazobaki juu anazimwaga nje, na tangu aajiriwe zimeshatengeneza njia nzuri kutoka mlangoni mpaka chooni.

Kwenye fomu yao kuna mstari ulioandikwa "Mawe". Hapo anapiga kistari. Ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza na mkuu wa maabara, aliyemwambia kuwa mawe si udongo, na yeye hakuona sababu ya kubishana na mtu mwenye vyeti viwili ukutani.

Sasa msinielewe vibaya. Udongo anaujua yule mama, usimchezee. Anatia tone la maji, anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na kabla mashine hazijawashwa ameshakwambia una mchanga kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani. Wa ghorofani huja kumjaribu huku wakijifanya wanapita tu. Ila kuna jambo moja linaloniudhi mpaka leo: hakuwahi hata siku moja kwenda kuuona udongo kwao, ulikolala. Aliujua kama karani wa posta anavyowajua watu, kwa bahasha zao.

Na si kwamba hakualikwa. Mdogo wake wa kiume alioa mlimani, juu kabisa, kunakoishia miti na kuanza nyasi tupu. Miaka tisa alimwita. Dada, njoo uone kwetu. Mara dada ana kazi, mara dada ana mafua, mara dada anaogopa ile barabara ya kona. Mwisho yule bwana akachoka kuita, akashuka mwenyewe na mfuko wa udongo begani, kilo nane kamili. Kondoo walikuwa wamemchosha, alisema. Alitaka kujua kama malisho yake yote yanaweza kulimwa viazi.

Jamani, ule udongo. Mweusi tii, mwepesi, unamomonyoka mkononi kama keki iliyoiva. Mama Chekeche aliupitisha karibu wote kwenye chekeche na hakikubaki kitu juu, hata punje ya kokoto, akaona fahari kama kwamba ameuzaa yeye. Majibu yakashuka kutoka ghorofani: una mboji tele, una uchachu kidogo ambao chokaa itautuliza, udongo bora kwa kilimo. Mkuu akagonga muhuri. Mdogo mtu akatumiwa karatasi yake, akakodi trekta.

Ijumaa asubuhi Mama Chekeche alikuwa anapanga rafu. Akaushika ule mfuko autikise, na chini kabisa akakuta bonge moja la ukubwa wa ngumi lililoshikwa na mizizi, ambalo halikupondwa. Akaligeuza. Lilikuwa na vishimo, laini, vya mviringo, kama trei ya mayai baada ya mayai kutolewa. Mizizi ilikuwa imevizunguka vile vishimo na kuvikumbatia, na ndani hamna kitu. Akachukua simu.

"Mdogo wangu, ule udongo uliuleta vile vile ulivyoutoa ardhini?"

"Vile vile, dada. Ila tuliuchambua."

"Mliuchambua nini?"

"Mawe. Mimi na wifi yako tulikaa uani siku mbili tukauchambua kama mchele. Sasa ningekuletea mawe kazini kwako, wenzako wangetuonaje?"

Mama Chekeche akakaa chini, juu ya gunia la sampuli ya mtu mwingine. "Yalikuwa mengi?"

"Aa, mawe ni mawe tu."

"Usilime."

"Dada, karatasi yenu hii hapa, ina muhuri. Trekta linakuja kesho asubuhi. Leo imekuwaje tena?"

"Usilime mpaka nifike."

Jamaa akacheka mpaka akakohoa. "Ufike wewe? Dada, siku utakayofika hapa mimi nitalima kwa kijiko."

Alipanda ghorofani kumweleza mkuu. Mkuu akasema ripoti imeshatoka, na isitoshe mawe... "Si udongo," akamalizia Mama Chekeche, akashuka, akatwaa chekeche lake na mizani ya kuning'iniza, akaondoka bila kuaga. Mtu ambaye miaka ishirini na miwili hakuwahi kuchelewa hata dakika tano.

Ile barabara ya kona aliipita macho yamefumbwa. Alipoyafumbua ilikuwa Jumamosi asubuhi na gari limeishia mwisho wa njia. Mbele yake mlima mzima ulikuwa nyasi, fupi, nzito, zimelala upande mmoja kwa upepo, na kila alipokanyaga kulikuwa na kitu kigumu kinamjibu chini ya soli. Furaha ilimpanda mpaka akasahau kuogopa. Kisha akasikia trekta.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, chekeche kwapani, kitenge kinamfunguka, anakimbia kupanda mlima. Trekta lilikuwa limeshapasua mfereji mmoja pembeni, na majembe yake yalikuwa yanagonga na kukwaruza mpaka meno yanaingia ganzi.

"Mama, toka mbele ya trekta," dereva akasema.

"Zima."

Akazima. Mdogo wake akaja mbio, akamwona, akabaki mdomo wazi. Wifi mtu alikuwa nyuma yake, na hakuwa na dogo. "Nikakuletee kijiko?" akamuuliza mumewe.

"Yale mawe mliyatupa?" Mama Chekeche akauliza huku anahema.

"Yapo, wifi. Mdogo wako kayatia kwenye ndoo mbili, anazuilia mlango usipigwe na upepo."

Zikaletwa. Akayahamishia kwenye gunia, akatundika mizani kwenye bomba la trekta, akapima mbele ya macho yao: kilo kumi na nne. "Na udongo ulioniletea ulikuwa kilo nane," akasema.

Dereva ndiye aliyepiga hesabu kwanza. "Kwa hiyo hapa nalimishwa mawe."

"Lakini uliobaki si mzuri?" mdogo mtu akang'ang'ania. Viazi alikuwa ameshavila kichwani. "Karatasi imedanganya?"

"Haijadanganya. Sijawahi kushika udongo mzuri kama huu. Ila ni kidogo, umejibanza katikati ya mawe, na anayeushikilia hapo ni nyasi. Nipe sepetu."

Alichimba mwenyewe, hakumpa mtu. Mraba wa hatua moja, kwenda chini mpaka magotini, kisha akalala kifudifudi kichwa ndani ya shimo na kuanza kuwasomea kama anasoma barua ya mchumba. Juu, mkeka wa mizizi usiopitika kwa kidole. Chini yake weusi, shibiri moja tu, majani ya miaka na miaka yaliyooza polepole kwa sababu ya baridi. Halafu kahawia, changarawe juu ya changarawe, udongo umejaza nyufa tu. Halafu mwamba uliovunjikavunjika, na maji yanapita hapo hayasimami. Alikuwa anacheka peke yake. Vyote hivi alivishika kwa vidole nusu ya maisha yake, na leo ndiyo kwanza anaviona vimepangana.

Akatoka, uso mweusi, akaomba ndoo ya maji na kopo lililotobolewa matundu. Nusu ya ndoo akainyunyizia kwenye nyasi. Maji yakazama, hata sauti hayakutoa. Nusu nyingine akainyunyizia kwenye mfereji wa trekta. Maji yakachukua ule weusi wote, yakateremka nao mpaka kwenye viatu vya dereva, na pale yalipopita zikabaki kokoto nyeupe, safi, kama zimeoshwa na mtu.

"Hiyo ni nusu ndoo," akasema. "Mvua ya msimu mmoja ni ndoo ngapi?"

Mdogo wake akachutama kwenye mfereji, akaokota kokoto moja, akaifuta kwa kidole gumba.

"Siku mbili, dada. Kucha ziliniuma. Nilitaka tu uone kwetu ni kuzuri."

Mama Chekeche akachutama naye. "Ningekuja ule mwaka wa kwanza," akasema, "usingekuwa na cha kuchambua."

Mchana kutwa wakarudisha ule mfereji kwa mikono, bonge kwa bonge, nyasi juu na mizizi chini, na dereva naye akavua koti akawa anayakanyagakanyaga mabonge yashike. Kondoo wakaja wenyewe, wakaanza kula pale pale wakati kazi haijaisha.

Wiki mbili baadaye utingo wa basi alifika maabara akitukana, anaburuta gunia. Lilimvunja mgongo, alisema, humo ndani kuna nini. Kulikuwa na kibarua cha wifi kimefungwa mdomoni: "Wifi, huu ndio wenyewe. Hatukugusa kitu."

Mama Chekeche akachekecha. Kilichobaki juu hakukimwaga nje. Alikipima, mara mbili, kisha akachukua fomu, akatafuta ule mstari wa "Mawe", na badala ya kistari akaandika: kilo sitini na nne katika kila mia. Mkuu alishuka kuuliza huo ni udongo wa aina gani sasa.

"Wa kwetu," akamjibu.