X Nyekundu Juu ya Mabatini

Nina hasira na mlima ambao haujanikosea kitu. Mlima wenyewe uko mbali, Kilimanjaro, na mimi naishi Mwanza, Mabatini, kule juu ambako nyumba zimebanwa katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua barabara ya Usagara inaishia wapi. Nikagundua haiishii. Nimepakia magunia, nimevua dagaa, nimechunga ng'ombe wa watu, na msimu mmoja nikafika kaskazini nikawa mgumu. Ndivyo wanavyojiita wapagazi wanaowabebea watalii mizigo mlimani.

Kule juu miti inakwisha, unabaki mchanga mweusi na upepo. Siku moja tuliambiwa tupishe njia. Tukasimama pembeni na mizigo yetu kichwani, akapita mtu anakimbia. Kaptula, viatu vyepesi, kichupa cha maji kifuani. Mimi kwa kutembea tu nilikuwa navuta pumzi kama ng'ombe aliyekwama topeni.

"Anakimbilia wapi yule?" nikamuuliza mwenzangu.

"Hakimbilii popote. Anakimbia tu."

"Na mizigo yake?"

"Si ndiyo hiyo umebeba wewe?"

Wote wakacheka. Sikucheka. Hema lake lilikuwa linanikata shingo. Tangu siku ile nikataka kitu kimoja: kuupanda mlima ule mara moja, mikono mitupu, nikikimbia.

Nikarudi Mwanza nikaanza kukimbia kwenye mawe. Kupanda mawe si kukimbia barabarani. Unapanda kwa hatua fupi, viganja juu ya magoti, na unaposhuka huangalii mguu wako, unaangalia jiwe la mbele yake. Pimbi wananikodolea macho, mijusi wanakimbia pembeni, ziwa linang'aa chini kama bati jipya. Watu wakanizoea, lakini hawakuacha kunitania. "Leo umeiba nini?" "Polisi wamefika wapi?" Mama mwenye nyumba wangu, mjane wa Kisukuma anayenipangisha chumba cha uani, yeye aliuliza kwa huruma kabisa: "Baba, mtu mzima unakimbiaje na hakuna anayekufukuza?"

Kisha ikaja klabu ya mbio ya watu wa mjini. Walikuja na magari, mengine yametoka mtaa wa Kiseke kwenye nyumba mpya, na mwenyekiti wao alikuwa na saa ya mkononi inayochora njia. Alinikuta natoka kilimani, akaniomba nimwonyeshe ninakopita. Nikamwonyesha. Wiki iliyofuata klabu ikatangaza kwamba imegundua njia mpya ya mbio za mlimani. Imegundua! Njia ambayo akina mama wanapandishia ndoo za maji kila siku, watoto wanashukia kwenda shule, na majeneza yanashushwa kwa mabega. Nilinyamaza kwa sababu walitangaza na zawadi: mshindi angepelekwa na klabu kukimbia Kilimanjaro.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, vijana wa klabu walipanda kuweka alama. Mimi nilikuwa Usagara napakia vitunguu. Nyumbani hapakuwa na mtu, maana jirani zetu wengi ni Wasabato na walikuwa kanisani hadi jioni. Vijana wakapaka mishale myekundu kwenye mawe. Nyuma ya nyumba ya mama njia inagawanyika: ya kulia inapanda kilele, ya kushoto inashukia korongoni. Ili mtu asipotee kushoto, wakachora pale X kubwa nyekundu. Wakaichora kwenye jiwe ambalo ndilo ukuta wa nyuma wa nyumba yake.

Asiyejua X nyekundu ni nini nchi hii, ana bahati. Mama anajua. Zamani alikaa chini, karibu na barabara. Wakaja watu na kopo la rangi, wakaweka X ukutani, na baada ya X likaja tingatinga. Ndiyo sababu alihamia juu kwenye mawe, mahali alipoamini hakuna mtu atakayepataka.

Mimi nilirudi nimechoka, nikalala. Sikujua kwamba jua lilipozama, sabato ilipokwisha, mama na wenzake walitoka na mafuta ya taa na stiliwaya, wakasugua jiwe lile, kisha wakafuata mishale yote kilimani, mmoja mmoja, hadi wa mwisho.

Asubuhi tukakimbia. Mishale sikuiona, na wala sikuitafuta, nani anasoma kibao mlangoni kwake? Nilipanda kilele, nikashuka upande wa pili, nikafika uwanjani peke yangu. Nikageuka kuwatazama wa nyuma. Hakuna mtu. Baadaye wakaanza kutokea kutoka upande usio wao, wamechunika magoti, wengine wamepitia kwenye zizi la mbuzi na wananuka hivyo.

Mwenyekiti akanifuata na kipaza sauti mkononi, hata hakukizima.

"Wewe ndiye uliyetuonyesha njia, na ni wewe tu ambaye hukupotea. Unatuona watoto?"

"Sijagusa alama yoyote, mzee."

"Zimejifuta?"

Wakati huo mama alikuwa ameshuka. Alisikia nikilaumiwa kwenye kipaza sauti. Akasimama mbele ya mwenyekiti, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, na mtu yule hakumpa hata shikamoo. Mikono ya mama ilikuwa bado inanuka mafuta ya taa.

"Nimefuta mimi," akasema. "Mimi na wenzangu. Tumetoka kanisani, tumekuta langi nyekundu kwenye jiwe langu. X. Ungekuwa wewe ungelala?"

Wakacheka. Watu wazima, na medali shingoni, wakacheka.

"Mama, ile ni X ya mbio! Inamwambia mtu asipite huku."

"Na ile ya kwanza ilimwambia mtu asikae huku. Nitazijuaje?"

Kicheko kikapungua, lakini hakuna aliyesema samahani. Mwenyekiti akanivuta pembeni, akaongea kama ananipa mkate. Ushindi wangu haukuhesabiwa, Jumapili ijayo wangerudia mbio. Nichukue kopo la rangi, nipake upya palepale, nihakikishe hakuna mama anayegusa. "Fanya hivyo, na hata ukiwa wa pili, Kilimanjaro unakwenda. Neno langu."

"Si mfunge utepe? Au mweke mtu pale awaelekeze?"

"Utepe watoto wanachukua. Rangi ndiyo inayotumika duniani kote. Hicho ni kijiwe tu, bwana."

Nikapanda na kopo. Njia nzima nilikuwa naliona lile giza la alfajiri mlimani, mchanga mweusi, na mimi napita mbio huku wagumu wamesimama pembeni. Nilikuwa nimeshapanga hata salamu nitakayowapa.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Nikamweleza yote.

"Paka, mwanangu," akasema. "Uende mlima wako. Sisi tumeshajua ni ya mbio."

"Hutaogopa?"

"Nitaogopa. Lakini utakuwa umekwenda."

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Angenitukana ningepaka. Angenililia labda ningepaka nikijilaumu. Lakini aliutoa usingizi wake kama mtu anayekuazima sufuria. Na kule chini mtu mwenye saa ya kuchora njia alikuwa ameshaiita nyumba yake kijiwe. Nilisimama mbele ya jiwe na brashi mkononi hadi rangi ikaanza kukaukia kwenye nywele za brashi.

Sikupaka. Klabu ilirudia mbio kwenye lami, ikapata mshindi wake. Picha yake nimeiona kwenye simu ya jirani: yuko juu ya mawingu, mikono hewani. Mimi nikatazama nyuma yake. Kwa mbali kuna watu watatu wamesimama pembeni, mizigo kichwani. Nikarudisha simu.

Mwenyekiti alinipigia mara nyingi akitaka kopo lake. Nilimwambia lina kazi. Mama mwenyewe ndiye aliyeipata hiyo kazi, akaninunulia na brashi mpya: tulipaka mlango wake wote, nje na ndani, kisha jiwe la nyuma lote, kutoka chini hadi mkono wangu ulipofika. Nyumba inaonekana kutoka barabarani, nyekundu kama kidonda.

"Haya," mama akasema, akirudi nyuma kuitazama. "Waje na langi yao sasa. Wataiandika wapi?"

Kila asubuhi napita pale nikikimbia kwenda kileleni, bado nina hasira, na bado sijaacha kuutaka ule mlima.